Magunia Sitini na Sita

Mkono wa Johari haukukunjika. Mwanamkasi aliuzamisha kwenye bakuli la maji ya chumvi, mtoto akavuta pumzi kwa meno, na huko nje king'ora cha kwanza cha viwanda vya Changamwe kikalia. Kikilia cha pili naye hajafika lango la ghala, siku hiyo hana kazi.

"Tulia. Ukivuta ndiyo wauma."

"Mama, siwezi kushika kalamu."

"Utashika kwa mkono wa kushoto. Alikupiga fimbo ngapi?"

"Nane."

"Kwa hesabu moja?"

"Kwa hesabu moja."

Hesabu yenyewe ilikuwa kwenye daftari juu ya kitanda, imekatwa kwa wino mwekundu mpaka karatasi ikachanika. Uani kuna kuku na mbuzi. Vichwa ishirini, miguu hamsini na sita. Kuku wangapi, mbuzi wangapi? Johari aliandika jibu tupu: kuku kumi na wawili, mbuzi wanane. Ndilo jibu lenyewe. Mwalimu Mbarak alipomwuliza amelipataje, mtoto akasema kweli. Aliwasimamisha mbuzi wote kwa miguu ya nyuma. Hapo kila mnyama ana miguu miwili chini, kwa hiyo vichwa ishirini ni miguu arobaini. Kumi na sita iliyobaki ni miguu ya mbele ya mbuzi, iko hewani, kila mbuzi miwili. Basi mbuzi wanane. Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Mtihani wa serikali unataka herufi mbili na milinganyo miwili, hautaki sarakasi za mbuzi. Alichukua mwanzi.

Mwanamkasi hakukanyaga shule. Alisoma chuoni Likoni, akahitimu msahafu, na mamake akamfunza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kizungu alizijua mbili tatu tu. Lakini tangu Johari aingie darasa la saba, kila alasiri walikaa wawili juu ya mkeka, mtoto akieleza, mama akiuliza, mpaka mama naye akawa haachi swali likapita.

"Kuna neno moja alilosema mwalimu ambalo ni kweli," Johari alisema, maji yakimchuruzika vidoleni. "Vitu viwili usivyovijua vyataka habari mbili. Ukipewa habari moja tu, ya vichwa peke yake, mtu aweza kukwambia lolote, na huna la kumbishia."

"Hilo kasema vyema. Mwambie mwalimu wako nitakuja kumwamkia Ijumaa. Nitakuja na mkono wako."

Alimfunga kitambaa, akajitanda leso, akashika njia mbio.

Ghala lilikuwa mgongoni mwa reli, bati juu, bati ubavuni, na joto lake halikungojea jua. Washonaji walikaa mlangoni, sindano mkononi, wakiziba magunia yaliyotobolewa na panya na kulabu za wapagazi. Mwikali, jirani yake wa mkeka, alikuwa mama wa watoto watano aliyetoka Machakos na mdomo usiochoka. Leo ulikuwa umechoka.

"Kwema, Mwikali?"

"Hapana kwema, Mama Johari. Angalia pale."

Pale palikuwa nguzo ya tatu. Faki alikuwa amefungwa kwa kamba ya katani, mikono nyuma, shati limepasuliwa hadi kiunoni. Mdomo wa chini ulikuwa umechanika, lakini alipomwona Mwanamkasi alijaribu kuucheka.

"Mwalimu wa magunia! Leo umechelewa darasani."

"Faki, wamekufanyani?"

"Wanatafuta magunia. Wadhani nimeyameza."

Faki alikuwa mpagazi, mtu wa Likoni, mwenye shingo nene na maneno mengi. Mkewe, Zubeda, alikuwa na mimba ya miezi saba. Jana behewa moja la mahindi lilishushwa, na jioni ni yeye aliyetoka langoni na mkokoteni wa magunia mabovu matupu. Hiyo ndiyo ilikuwa hatia yake.

Utaratibu wa kazi ulikuwa hivi. Mpagazi akitwishwa gunia kwenye behewa, hupewa kijiti cha makuti. Akifika ghalani hukitumbukiza kwenye debe, na mpangaji wa magunia hupiga mstari mmoja wa chaki mlangoni kwa kila gunia linaloingia. Asubuhi karani huhesabu vijiti, huhesabu mistari, na wapagazi hulipwa kwa vijiti. Lakini tangu mgomo wa bandari wa mwaka uliopita, watu walikataa kulipwa sawa kwa gunia la ratili mia mbili na gunia la ratili mia. Nyapara Kahindi aliogopa mgomo kuingia ghalani kwake, akakubali chini kwa chini: gunia dogo kijiti kimoja, gunia kubwa vijiti viwili. Meneja hakuambiwa. Karani mzee alijua, akanyamaza. Karani mzee alistaafu mwezi uliopita.

Karani mpya aliitwa Hadi, kijana wa mjini, wa nyumba ya wenye maduka, aliyesoma mpaka akamaliza. Alisimama mbele ya nguzo na daftari kifuani kama mtu anayejikinga mvua.

"Vijiti mia mbili na sita," alisema. "Ndiyo magunia yaliyotoka kwenye behewa. Mistari ya mlangoni mia na arobaini. Ndiyo yaliyoingia. Magunia sitini na sita yako wapi?"

"Karani," Faki alisema, "mkokoteni ule ukitiwa magunia manne, gurudumu lalia. Mimi nimetia sitini na sita? Basi nimekosea kazi. Nipelekeni reli nikavute behewa."

Wapagazi waliosimama ukutani walicheka. Kahindi alimpiga kiboko tumboni, na kicheko kikakatika.

"Nani wenzako?"

"Wallahi sina wenzangu. Muulizeni huyu! Kahindi, waambie! Gunia kubwa vijiti vi..."

Safari hii kiboko hakikutua tumboni wala mgongoni. Kilitua mdomoni. Faki alitema jino, likaanguka juu ya chenga za mahindi na kugeuka jekundu kati ya njano.

Mwanamkasi aliona. Mtu anayetaka ukweli hupiga mgongo, akauacha mdomo useme. Kahindi alikuwa anapiga mdomo.

"Kweli, karani," mpagazi mmoja alisema kutoka ukutani. "Kubwa vijiti viwili. Sote twajua."

Hadi aligeuka. "Nyapara?"

"Waongo. Wanateteana."

"Haya, na iwe kweli," Hadi aliwaambia wapagazi. "Makubwa yalikuwa mangapi? Nani aliyeyahesabu?"

Hakuna aliyehesabu. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka kwenye mapaa, makubwa kwa madogo, safu nyuma ya safu. Kuyapangua ni kazi ya siku nzima ya watu ishirini.

Meneja alitokeza kwenye mlango wa ofisi, Mzungu mfupi mwenye miwani, kikombe cha chai mkononi. Alimtazama mtu nguzoni kama anavyotazamwa punda aliyegoma.

"Mimi hapana pangua gunia. Hiyo naharibu siku. Hati ya reli nakuja saa ine, na mbele ya saa ine mimi nataka jina ya mwizi. Kahindi, fanya kazi."

Akarudi ndani. Kahindi akafanya kazi.

Kiboko cha ngozi hakina mlio mkubwa. Kinaita kidogo hewani, kisha kinasikika kama nguo mbichi ikipigwa jiwe. Mwanamkasi alikuwa na gunia mapajani na sindano haikwenda. Kila pigo lilimtoa namba kichwani. Mia na arobaini. Pigo. Mia mbili na... Pigo. Akauma ulimi, akaanza tena, akaiweka hesabu katikati ya kiboko na kiboko kama mtu anayevuka reli.

Vitu viwili asivyovijua: makubwa na madogo. Habari ya kwanza iko mlangoni, imeandikwa kwa chaki. Habari ya pili iko kwenye debe. Wasimamishe mbuzi, Mwanamkasi. Kila gunia, kubwa kwa dogo, lipe kijiti kimoja kwanza. Vijiti mia na arobaini vimekwisha. Vilivyobaki ni sitini na sita, na hivyo ni vijiti vya pili, na kijiti cha pili hakina mwenyewe isipokuwa gunia kubwa.

Alisimama, sindano ikaanguka.

"Mama Johari, kaa chini," Mwikali alinong'ona, akamshika leso. "Watakuua bure. Una mtoto."

"Na yule hana?"

Alikwenda mlangoni, akaokota kipande cha chaki, na chini ya mistari ya mpangaji akaandika tarakimu kubwa, kisha herufi mbili kama alivyomwona Johari akifanya, K na D. Makubwa na madogo pamoja, mia na arobaini. Makubwa mara mbili, ukiongeza madogo, mia mbili na sita. Tarakimu zilisimama wima.

"Karani! Njoo uone hapa."

"Mwanamke, rudi kwenye mkeka wako," Kahindi alisema.

"Sikukuita wewe. Karani, wewe umesoma. Toa ya juu katika ya chini. Yabaki mangapi?"

Hadi alisogea. Aliisoma mara moja tu. Mtu aliyesoma hahitaji mara mbili. Damu ilimshuka usoni.

"Sitini na sita," alisema polepole.

"Ndiyo makubwa. Hayo unayoyatafuta kwa mwizi ndiyo hayo, yamo humo ndani, yamekaa. Madogo sabini na manne. Hapana gunia lililopotea hapa."

"Nani kakufundisha haya?"

"Binti yangu. Kapigwa fimbo nane kwayo, usimwongeze mtu mwingine. Mwambie huyu aweke kiboko chini."

Hadi aliutazama mlango wa ofisi. Aliitazama saa yake. Saa tatu na dakika arobaini.

"Hesabu ni sawa," alisema kwa sauti ndogo, "ikiwa habari ya vijiti viwili ni kweli. Hati ya reli itataja makubwa na madogo. Ikija tutajua."

"Na mpaka ije? Si useme tu asimame!"

Hadi alifungua mdomo. Alikuwa na mwezi mmoja kazini, na babake alikuwa ameomba kwa watu watatu apate nafasi ile. Akaufunga.

Kahindi alikuwa amesikia kila neno. Hati ikija na makubwa sitini na sita, meneja atauliza vijiti viwili vilitoka kwa ruhusa ya nani. Njia moja tu ilikuwa imebaki: Faki akiri kabla ya saa nne, kesi ifungwe hati haijafika. Alitupa kiboko, akampokonya askari wa lango rungu lake.

"Sema umeiba! Neno moja! Sema!"

"Ka... Kahindi," Faki alisema kwa mdomo uliojaa damu. "Si wewe uliyetupa vijiti..."

Rungu lilimpiga ubavuni, pakasikika kitu kikivunjika. Wapagazi wawili walitoka ukutani, na askari wa pili akamchapa wa mbele gotini, akaanguka akilia. Mwanamkasi alirusha mkono, akamshika Kahindi shati kwa nyuma, naye akamsukuma kwa kiwiko hata kichwa chake kikagonga bati la mlango. Alipofumbua macho rungu lilikuwa juu. Likashuka nyuma ya sikio la Faki, na kichwa chake kikalala kifuani kama cha mtu aliyeshikwa na usingizi msikitini.

Kengele ya baiskeli ililia uani. Alikuwa tarishi wa stesheni, na hati kwenye mkoba.

Hadi aliichukua. Aliisoma kimya, kisha kwa sauti, maana meneja alikuwa ametoka na kikombe chake.

"Magunia makubwa, sitini na sita. Madogo, sabini na manne."

Panya wakasikika juu ya mapaa.

Mwanamkasi alikata kamba kwa kisu cha kushonea. Faki alimwangukia mzima mzima, akamlaza na kukiweka kichwa chake mapajani, juu ya leso. Damu ilikuwa ikitoka sikioni, nyembamba, haina haraka.

"Ngapi, mwalimu?"

"Makubwa sitini na sita, Faki. Hukuiba kitu."

"Si n'liwaambia?" Alijaribu tena kucheka. "Mgongo wangu ulikuwa wayahesabu."

Hakusema tena. Mwanamkasi alimsomea shahada sikioni, sikio lile jingine, na kabla adhana ya adhuhuri haijasikika, kifua kikasimama.

Baada ya adhuhuri alikuja sajini wa polisi na konstebo mmoja. Maiti ilikuwa imefunikwa gunia. Meza ilitolewa nje, ikawekwa kalamu na kidau cha wino wa dole gumba, na Hadi akakaa nyuma yake kuandika. Karatasi ilikuwa tayari. Aliisoma bila kuinua macho. Marehemu alipanda juu ya rundo la magunia kwa uzembe wake mwenyewe, akateleza, akaanguka juu ya sakafu ya saruji. Mashahidi ni hawa wafuatao.

"Bwana meneja," Mwanamkasi alisema. "Mtu huyu kapigwa. Watu arobaini wameona."

Meneja alimtazama kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliomtisha.

"Wewe mama najua hesabu sana. Mimi nafurahi. Wewe nasema gunia hapana potea, na hati ya reli nasema vile vile. Kweli?"

"Kweli."

"Basi kama gunia hapana potea, mwizi hapana. Kama mwizi hapana, nani napiga mtu? Napiga kwa sababu gani?" Alifungua mikono. "Yeye naanguka."

Mwanamkasi aligeuka kuitazama chaki yake mlangoni. Hesabu yake mwenyewe ilikuwa imegeuzwa kitambaa cha kufutia sakafu.

"Tena sikia nyote," meneja aliendelea. "Ile maneno ya kijiti mbili, mimi nasikia leo. Nakwisha. Kesho gunia ni gunia. Kubwa, dogo, kijiti moja."

Kahindi alisimama nyuma yake, shati safi, mikono imeoshwa. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Walipanga foleni. Askari alisimama kando na rungu lilelile. Mpagazi aliyechapwa gotini alibebwa mpaka mezani, akabonyeza dole. Wa pili akabonyeza. Mwikali alipofika alimtazama Mwanamkasi, machozi yakamwagika, akasema, "Watoto watano, Mama Johari," na akabonyeza. Mwanamkasi hakumlaumu. Angemlaumu nani, mtu mwenye njaa tano?

"Wewe," sajini alisema. "Dole."

"Mimi naandika."

"Unajua kuandika?" Sajini alicheka, akamgeukia konstebo. "Mshona magunia anaandika. Haya, mpe kalamu tuone sanaa."

Aliishika. Chini ya karatasi palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Alianza upande wa kulia, akaenda kushoto, kwa herufi za mamake, moja ikishikana na nyingine, bila haraka. Faki hakuanguka. Kapigwa na Kahindi nyapara kwa kiboko na rungu, meneja kaamuru, karani katazama. Nimeona kwa macho yangu. Magunia makubwa sitini na sita, madogo sabini na manne, hapana lililopotea. Mwanamkasi wa Likoni.

Sajini, mtu wa bara, aliigeuza karatasi upande huu na upande ule. Meneja aliinama, akakunja uso. Kwao ilikuwa mikwaruzo ya kuku.

"Karani, hii ni nini? Ameandika nini?"

Hadi alikuwa amekwisha kuisoma. Aliisoma ikiandikwa, neno kwa neno, juu chini, kutoka upande wa pili wa meza. Nyumbani kwao barua zote za babu zilikuwa za herufi hizo. Jasho lilimtoka kwenye nywele, likapita shavuni. Mwanamkasi alimtazama tu. Hakumwomba. Asubuhi aliomba.

"Jina lake, afande," Hadi alisema.

"Jina refu hivyo?"

"La... la ukoo pia. Watu wa pwani, afande, hutaja mpaka babu."

Sajini alicheka. Akagonga muhuri juu yake, karatasi ikaingia kwenye jalada, jalada likafungwa kwa utepe. Hadi alifunga utepe mwenyewe, mara mbili.

Langoni Mwanamkasi aliambiwa asirudi kesho. Alikuwa amekwisha kujua.

Johari alikuwa kizingitini, mkono wa kitambaa kifuani, kitabu magotini.

"Shikamoo mama. Leso yako ina damu!"

"Marahaba. Si yangu. Ingia ndani."

Alimweleza yote, kwa maneno mafupi, huku akichemsha maji. Hakumficha. Mtoto aliyepigwa fimbo nane si wa kufichwa. Johari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakifunga kitabu.

"Mama, sasa hapo kuna habari mbili juu ya karatasi moja."

"Ziko mbili. Ya kwanza yasema kaanguka. Ya pili ni yangu."

"Na nani ataisoma ya pili?"

Mwanamkasi alitia chumvi kwenye maji, akakoroga kwa kidole, akapima joto lake kwa kiganja.

"Mwenye kujua kusoma kuanzia kulia," alisema. "Wako. Serikali yao haitakaa milele. Lete mkono."